Kamera Haipandi

Asubuhi ile Kitinda aliingia kwenye uwanja wa bembea akiwa amebeba vitu viwili vizito: kamera na uongo. Kamera ilikuwa na uzito wa mtoto mchanga mwenye afya njema. Uongo ulikuwa mwepesi siku alipoutunga, ila kila mama yake alipouulizia ulizidi kunenepa.

"Huu mkanda," alisema Mama akiugusa begani kwa binti yake, wakiwa kwenye foleni ya kukaguliwa mikoba, "ndicho kitu cha kwanza cha maana ulichonunua tangu uanze kazi. Duka gani vile?"

"Lile la vifaa vya picha, Mama. La mjini."

"Mjini wapi?"

"Karibu na wale wauza miwani."

"Utanipeleka. Nami nataka wa mkoba wangu. Huu wangu unateleza begani kama sabuni."

Kwao Kitinda alikuwa wa mwisho kati ya watoto watano, ndiyo sababu ya kuitwa Kitinda, na kwa kuwa wa mwisho alikuta makosa yote ya utotoni yamekwisha kufanywa na wakubwa zake na yote yamekwisha kugunduliwa. Mama alikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka ishirini na sita. Katika miaka hiyo aliwahi kukuta sukari ndani ya soksi, simu ndani ya mkate, na barua ya mapenzi iliyoshonewa kwenye pindo la sketi. Barua ile aliisoma yote, akairudisha mahali pake, akalishona pindo upya kwa mishono mizuri zaidi, kisha ndipo akamwita mwenye sketi.

Huyo ndiye Kitinda aliyekuwa akimdanganya.

Upande wa pili alitembea Daktari wa Meno. Alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Angekuwa na kiburi, Kitinda angemkataa tangu siku ya kwanza alipoletwa nyumbani na kukalishwa kwenye kiti cha wageni. Lakini alikuwa anasikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Alikuwa anaondoa vyombo mezani. Tiketi za leo alinunua yeye, na Mama alikwisha kusema wakati wa chai, huku akipangusa kikombe ambacho tayari kilikuwa kikavu: "Leo mtu huyu asirudi kwake bila jibu."

"Kwa nini usiivae shingoni?" Daktari aliuliza, akiitazama kamera iliyotulia nyuma ya nyonga ya Kitinda, lenzi imeelekea chini.

"Shingoni inaniumiza."

Ukweli mwingine hakuusema. Miezi sita nyuma alikuja hapahapa kupiga picha za watoto wa shule, kamera ikining'inia shingoni kwa ule mkanda mwembamba unaokuja nayo kutoka kiwandani. Kufika saa sita shingo ilikuwa imepinda kama bomba la maji. Fundi mmoja mwenye ovaroli akasimama mbele yake, akamtazama kwa huzuni ya kweli, akamuuliza: "Dada, hiyo unaibeba au inakunyonga?"

Fundi huyo aliitwa Breki na wenzake wote, kwa sababu hakuwahi kuiruhusu treni iondoke kabla ya kuzijaribu breki mara mbili. Wiki iliyofuata alimletea mkanda. Aliushona mwenyewe kwa mikanda ya viti iliyokwisha muda wake wa kufunga watu, baada ya kuiomba kwa mkuu wa karakana na kuandika kwenye daftari. Ulikuwa wa njano, mpana kama kiganja, wenye mishono miwili myeusi iliyokwenda kama meno ya msumeno, na kulabu mbili zenye skrubu, ili moja ikiachia nyingine ishike. Kabla ya kuukabidhi aliutundikia ndoo ya nati kwa siku mbili mfululizo. Wasichana wengine huletewa maua. Kitinda aliletewa habari za ndoo ya nati, na usiku ule alilala akitabasamu.

Alimfundisha pia kuubeba. Pitisha kifuani, sio begani tu. Kwenye msongamano ufupishe na kamera ije tumboni, mkono juu yake. Kwenye michezo ya maji ivalishe ile kofia ya plastiki ya kuogea. Ukikaa kula, usiutundike kwenye kiti, upitishe mguuni. Penye bizimu alitia alama mbili za uzi. Uzi mwekundu ulikuwa kipimo cha Kitinda. Mbele kidogo ulikuwepo uzi mweupe, kwa sababu jioni, bega la Kitinda lilipochoka, kamera ilihamia kwa mtu mwingine mwenye kifua kipana zaidi.

Halafu, wiki tatu zilizopita, wakagombana. Breki alitaka kuja nyumbani. Kitinda akasema asubiri. Alikuwa amesema asubiri mara nne.

"Unajua ile rafu pale jukwaani?" Breki alimuuliza siku ile. "Watu wanaweka vitu vyao, navipa kibandiko, vinasubiri mwenyewe ashuke. Mimi sitaki kuwa kitu cha rafuni."

Akaondoka. Na leo, kati ya viwanja vyote vya kupeleka mchumba mtarajiwa, Mama alikuwa amechagua hiki.

* * *

"Tuanze na vile vikombe vinavyozunguka, Mama?"

"Vikombe ninavyo nyumbani."

"Basi zile boti."

"Daktari anataka Joka," alisema Mama, na safari ikageukia kwenye treni ndefu kuliko zote uwanjani, ile ambayo reli yake ilipanda juu ya miti, ikashuka kama imejuta, kisha ikawageuza watu kichwa chini mara mbili. Siku za wageni wengi fundi mmoja huwekwa jukwaani kukagua kila mkanda kwa mkono. Kitinda aliomba awe fundi mwingine. Aliomba kwa bidii yote.

Alikuwa Breki.

Alikuwa ameinama, anavuta mkanda wa mtoto. Alipoinuka macho yao yakakutana juu ya kichwa cha Mama, na kwa muda wa kufumba na kufumbua uso wake ulifunguka wote. Kisha akaufunga. Kitinda alihisi joto likimpanda kutoka kwenye kola hadi masikioni.

"Kamera haipandi, dada," alisema Breki.

Dada! Wiki tatu, na neno la kwanza ni dada, kama anavyomwita kila mwenye tiketi.

"Ndugu yangu," Daktari akaingilia kwa upole, "naomba apande nayo. Kuna picha moja muhimu nataka aipige kule juu. Na angalia alivyoivaa. Mkanda huo unafunga ng'ombe."

"Najua," alisema Breki. Kisha akakohoa. "Yaani, naona."

Kitinda alitaka kulia, lakini kicheko kikamtoka kwanza, kifupi, akakikamata katikati.

"Ameununua mjini," Mama alieleza kwa fahari, "duka lililo karibu na wauza miwani."

Breki akamtazama Kitinda. Kitinda angependa zaidi apigwe kwa ile ndoo ya nati.

"Mkanda hautakatika," Breki alimwambia Daktari, sauti imekauka. "Shida ni kule juu. Treni ikigeuka, kamera inanyanyuka. Ikirudi inaanza na uso wa mwenyewe, halafu inamtafuta jirani."

"Meno ya mbele," alisema Daktari, akitafakari. "Kweli. Nimewahi kumtibu mmoja."

"Kwa hiyo aiache rafuni, atapewa kibandiko."

"Haiachwi rafuni," alisema Kitinda.

Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Watu wawili kwenye foleni waligeuka. Mama naye aligeuka, polepole, jinsi alivyokuwa akigeuka bwenini akisikia kitanda kikilia baada ya taa kuzimwa.

"Nitabaki," Kitinda aliongeza haraka. "Nitawapiga kutoka hapa chini. Pandeni ninyi."

Mkono wa Daktari ulikuwa umeingia kwenye mfuko wa koti. Ukatoka mtupu. "Basi siku nyingine," alisema, kisha kwa adabu yake akamgeukia Mama. "Mama utaweza?"

"Wasichana mia mbili na arobaini walinipandisha presha miaka ishirini na sita. Treni itanifanya nini?"

"Mama," Breki aliuliza, kwa sababu kazi ni kazi, "moyo uko salama? Mgongo?"

"Moyo mzuri. Mgongo mzuri." Akampa mkoba wake Kitinda, akakaa, Daktari kando yake. "Macho mazuri sana."

Breki akaupitisha mkanda kifuani kwa Mama, akaubana, akauvuta mara mbili. Kitinda aliona mshipa ukicheza shingoni mwake. Mama alishusha macho. Mkanda ulikuwa wa njano. Ulikuwa mpana kama kiganja. Ulikuwa na mishono miwili myeusi kama meno ya msumeno.

Akaushika kwa vidole viwili, akaubinya kama mtu anayenunua kitambaa. Akaugeuza ndani. Akainua macho hadi begani kwa binti yake, akayarudisha kifuani kwake, na mwisho akayapandisha kwenye uso wa fundi.

"Kijana."

"Naam, Mama."

"Mkanda kama huu unauzwa duka gani?"

Breki alikuwa mtu wa kuzijaribu breki mara mbili. Kudanganya hakukuwemo kwenye mafunzo yake.

"Hauuzwi, Mama," alisema. "Kiwanda kinatuletea sisi tu, kwa treni hii."

Kengele ikalia. Mtu wa chumba cha mitambo alikwisha kubonyeza.

"Kitinda!" Mama aliita, na Joka likamchukua.

* * *

"Dakika mbili na sekunde kumi," alisema Breki.

"Ndizo zimebaki?"

"Ndiyo safari nzima."

"Ungesema hujui!"

"Miaka minane nakagua mikanda hii, halafu nimwambie mama yako siijui?"

"Ungesema lolote!"

"Kama nini? Duka la wauza miwani?"

Mnyororo ulikuwa ukiipandisha treni mlimani, ta-ta-ta-ta-ta, na kila mlio ulimpiga Kitinda kifuani. Aliweza kukiona kitambaa cha kichwa cha Mama, kidogo kama kifungo.

"Wiki tatu," alisema Breki. Hakumtazama, alitazama reli, kwa sababu alilipwa kutazama reli. "Kila nikisikia mtu mwenye kamera nageuka. Leo ndiyo unakuja, na mtu mwenye kisanduku cha pete mfukoni."

"Umekiona?"

"Kazi yangu ni kuona kilicho mfukoni kabla hakijaruka. Unampenda?"

"Nimekuja na mkanda wako."

"Sikukuuliza umevaa nini."

"Sikiliza basi! Ule mwembamba uko nyumbani, mezani. Asubuhi niliushika. Nilijua tunakuja hapa, nilijua Mama ana macho. Nikauacha."

"Kwa nini?"

"Shingo," alisema Kitinda. Kisha sauti ikamkatika. "Sio shingo."

Breki akafumba macho kidogo, akayafumbua upesi. Ta-ta-ta-ta. Treni ilikuwa karibu kileleni.

"Nitakusaidia," alisema. "Akishuka nitasema nashona kwa mabaki na kuuza, wewe ulinunua kwangu, ukaona aibu kusema umenunua kwa mtu wa bembea. Ataamini nusu. Hiyo nusu inakutosha. Utampa daktari jibu lake, utarudi nyumbani."

"Na wewe?"

"Nitakagua mikanda."

"Na huu wangu? Ulisema ukaguliwe kila miezi mitatu."

"Utatafuta fundi mwingine."

Kitinda aliutazama ule mkono uliokuwa umeshika nguzo, wenye kovu dogo la sindano kwenye kidole gumba, alilolipata wakati akishona. Uongo ulikuwa pale, umekwisha kukatwa kwa kipimo chake. Kilichobaki ni kuuvaa. Mama asingempigia kelele. Daktari asingeaibika. Chakula cha jioni kingeliwa kwa amani. Na kila Jumamosi, maisha yake yote, angepita mbali na uwanja huu.

Mnyororo ukanyamaza. Treni ilikuwa juu kabisa.

"Piga," alisema Breki kwa sauti ndogo. "Si umekuja kupiga picha?"

Kitinda akainua kamera kwa mazoea, kiwiko kimebanwa ubavuni, mkono wa kushoto chini ya lenzi. Joka likaporomoka. Kwenye kioo chake alimwona Daktari, macho yamefungwa, midomo imefungwa. Nyuma yao watu walipiga mayowe midomo wazi. Treni ikageuka kichwa chini, na katikati ya mikono yote iliyotupwa hewani Kitinda akamwona mama yake. Hakuwa anatazama mbingu wala ardhi. Kidevu chake kilikuwa kimegusa kifua. Alikuwa akisoma mishono.

Kitinda akabonyeza.

* * *

Treni iliporudi, Daktari alisaidiwa hadi kwenye benchi, akakaa na kuinamia magoti. Mama alishuka mwenyewe. Kitambaa chake kilikuwa kimehamia sikio moja. Akamgusa Daktari bega, akamuuliza kama anataka maji, akaambiwa hapana, ndipo akaja.

"Lete."

"Mama, nitak…"

"Mkanda. Lete."

Kamera ile hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuishika. Kitinda akaivua na kumpa. Mama akampokonya pia mkoba wake, akaukaza kwapani, kisha akaanza kupitisha vidole juu ya mshono kutoka kulabu moja hadi nyingine, bila haraka, kama anayekagua godoro. Alipofika kwenye bizimu akasimama.

"Huu uzi mwekundu ni wa nini?"

"Kipimo changu, Mama."

"Na mweupe?"

Breki akapiga hatua mbele.

"Mama, mkanda huo mimi nauza…"

"Sijakuuliza wewe," alisema Mama, bila kuinua kichwa. "Mweupe, Kitinda?"

"Wa kwake," alisema Kitinda.

Lilikuwa jambo dogo kutoka mdomoni. Aliona ajabu kwamba lilimchukua miezi sita.

"Anabeba yeye nikichoka," aliendelea, machozi yakimshuka bila ruhusa. "Aliushona yeye. Hakuna duka, Mama. Hakuna wauza miwani. Alitaka kuja nyumbani tangu mwezi wa kwanza, mimi ndiye nilimzuia. Yeye hana kosa."

Foleni ilisubiri. Kwenye benchi, Daktari wa Meno aliinua uso wake wa kijivu.

"Mama," alisema, "kwa kazi yangu mimi huhesabu. Tangu asubuhi nimeyaona meno ya binti yako mara moja tu. Ni pale kijana huyu alipojikwaa kwa neno." Akajaribu kutabasamu, akaahirisha. "Nilipanda treni hii nikitafuta ujasiri wa kuuliza. Nimeshuka nikijua jibu. Sina kinyongo. Nina kichefuchefu tu."

"Samahani," Kitinda alimwambia, na alimaanisha.

Mama alivuta pumzi. "Bwenini," alisema, "sikuwahi kumrudisha msichana kwao kwa sababu ya barua. Niliwarudisha kwa uongo. Wewe unalijua hilo kuliko wote."

"Najua, Mama."

"Umenitembeza na duka la hewani. Mimi! Nikataka na wa mkoba!" Sauti yake ilitetemeka, na Kitinda hakujua kama ni hasira au kile kingine ambacho Mama hakuwahi kukubali kuwa nacho. "Sijasema ndiyo. Mtu anawazungusha watu hewani kwa kazi, nitawaambiaje dada zako?" Akamgeukia Breki, akampima kuanzia viatu. "Geuka."

Breki akageuka.

Mama akasogeza bizimu mpaka kwenye uzi mweupe, akampitishia mkanda kichwani na mkono mmoja, akaivuta kamera mara mbili kwa nguvu. Ikatua nyuma ya nyonga yake, lenzi chini, haikucheza hata kidogo. Mama aliitazama pale ilipotua. Aliitazama kwa uchungu wa mtu aliyetafuta kosa kwa uaminifu na kulikosa.

"Jumapili. Saa nne asubuhi. Uje umekula, sitaki mtu wa kuja kunihurumia kwa kula." Akamshika Daktari mkono, akamsaidia kusimama. "Twende, mwanangu, tukakutafutie kivuli."

Wakaanza kushuka ngazi. Kengele ya safari inayofuata ililia, na Breki akaanza kuivua kamera, maana sheria ya jukwaani ilimhusu na yeye.

"Nikuwekee rafuni?" aliuliza. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hayakuacha kumtazama.

"Thubutu," alisema Kitinda.

Akaipokea, akarudisha bizimu kwenye uzi mwekundu, na vidole vyao vikachelewa pale kuliko kazi ilivyohitaji. Kule ngazini mkoba wa Mama uliteleza begani. Akaupandisha. Ukateleza tena.

"Unajua ule mkoba…" Breki alianza, jicho la fundi limemtoka.

"Usije ukamwambia," Kitinda alinong'ona.

"Nasikia!" alisema Mama kutoka chini, bila kugeuka. "Na wangu usiwe wa njano."